Kurudisha chenji iliyozidi: ni Mungu, ni akili, au ni kumuogopa Mangi?

mtotowasheria:

Wakuu habari za jioni, naomba msaada na tafadhali msiniambie nikagugo, nimegugo mpaka bando limekata. Niko mwaka wa kwanza sheria. Juzi rumu meti wangu alienda dukani kwa Mangi kununua unga na mafuta ya kupima, katoa noti ya elfu tano, Mangi alikuwa macho yote kwenye simu anaangalia mpira, akamrudishia chenji kama kapewa elfu kumi. Jamaa kafika ghetto kahesabu, kavaa ndala, kageuza kuirudisha. Ndo ubishi ukaanza hapo. Mmoja wetu akasema karudisha kwa sababu Mungu anaona. Mimi nikasema hapana, hata asiyeamini kitu akili yake inamwambia hii sio yangu. Wa tatu akacheka akasema nyie wote waongo, karudisha kwa sababu Mangi anamkopesha mwisho wa mwezi na hataki kuchafua daftari.

Sasa kilichonifanya nije humu ni hiki, mwalimu wetu wa falsafa ya sheria kasema zamani sheria ya asili, yaani ile haki na kosa ambayo haijatungwa na serikali, ilitoka kwa Mungu halafu zikaja Zama za Mwangaza huko Ulaya, karne ya 17 na 18, akili ikakaa kwenye kile kiti. Akataja Grotius, Locke, Kant, kengele ikalia kipindi kikaisha. Sijaelewa. Hao watu walimtoa Mungu au? Na hiyo akili ilibadilisha nini kwenye sheria na maadili, mbona kuiba kulikuwa kosa kabla na kukabaki kosa baadaye? Alhamisi nina presentesheni ya kundi na kundi lenyewe ni mimi peke yangu, wengine wamejitoa kwenye group la WhatsApp.

mlamihogo:

Mi namuonea wivu huyo rumu meti. Huku kwetu Mangi akikosea anakosea kwa faida yake tu, sijawahi kuona akikosea kwa faida yangu.

Msomi wa Kijiweni:

@mtotowasheria karibu kijana, na pole kwa kundi lako. Mimi nimeshika hii fani miaka mingi kidogo, ngoja nijaribu bila Kilatini.

Kwanza hiyo habari ya "akili ikakaa kwenye kiti cha Mungu" inasemwa sana madarasani ila imenyooka kupita kiasi. Hata kabla ya hao akili ilikuwepo kwenye hesabu. Chukua Thomas wa Akwino, karne ya 13, padre kabisa, yeye alisema kuna sheria ya milele ambayo Mungu anaendeshea ulimwengu wote, jiwe linaifuata bila kujua, mbuzi anaifuata kwa silika, lakini binadamu kwa vile ana akili anashiriki ndani yake kwa kuelewa, na huko kushiriki ndo akakuita sheria ya asili. Kwa hiyo kwake akili ni kama dirisha, mwanga unaingia kupitia hapo ila jua liko nje.

Walichofanya watu wa karne ya 17 ni kuanza kuuliza, je hilo dirisha linaweza kusimama lenyewe? Na usifikiri walikaa tu wakachoka na dini. Angalia mazingira yao. Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wanachinjana, vita ya Miaka Thelathini imeanza 1618 ikaisha 1648, na kila upande una Biblia mkononi. Sasa ukimwambia adui yako "hili ni kosa kwa sababu maandiko yamesema" anakujibu maandiko yangu nayasoma tofauti, hapo mmefika wapi? Mlihitaji kitu ambacho nyote wawili mnacho tayari kabla hamjafungua kitabu. Hugo Grotius, Mholanzi, yalimkuta mwenyewe, ugomvi wa kidini uliochanganyika na siasa ukamtupa gerezani kwenye ngome ya Loevestein kifungo cha maisha, akatoroka 1621 kafichwa ndani ya kasha la vitabu (mkewe ndo alipanga, walinzi walikuwa wameshazoea kuona kasha likiingia na kutoka wakaacha kulikagua). Akakimbilia Paris, na 1625 akatoa kitabu chake cha sheria ya vita na amani. Humo kuna sentensi moja ambayo ndo kila mtu anaikariri, kwamba haya tuliyosema yangebaki na uzito wake kwa kiasi fulani hata kama tungekubali, jambo ambalo hatuwezi kulikubali bila uovu mkubwa mno, kwamba Mungu hayupo.

Isome taratibu. Hajasema Mungu hayupo, kasema hata ukimuweka pembeni kwa dakika moja hoja haianguki. Alikuwa mcha Mungu yule. Ila mlango ukishafunguliwa hata kidogo hivyo, wanaokuja nyuma wanausukuma.

Akaja Locke, Mwingereza, 1689, akasema kwenye hali ya asili kabla ya serikali kuna sheria inayowabana wote, na akili ndiyo hiyo sheria, inamfundisha yeyote atakayeiuliza kwamba kwa kuwa wote ni sawa na huru, asimdhuru mwenzie kwenye uhai, afya, uhuru wala mali yake. Na Locke bado anasema sisi ni kazi ya mikono ya Mungu, usichanganye. Mabadiliko makubwa kwa maoni yangu sio kwamba kosa lilibadilika, kuiba kulibaki kuiba, umesema vizuri. Kilichobadilika ni vitu viwili. Moja ni nani ana ruhusa ya kusema hili ni haki hili sio, zamani ungesubiri padre au mfalme, sasa fundi viatu naye ana akili anaweza kuhoji. Pili ni kwamba sheria ya asili ilianza kama orodha ya wajibu, mheshimu huyu, usifanye vile, ikageuka taratibu kuwa haki ambayo mtu anatembea nayo mwilini kama kivuli, serikali inaikuta haimpi.

Hii unaijua hata kama hujui kama unaijua. Fungua Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 12, "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Soma na tamko la Wafaransa la Agosti 1789 kifungu cha kwanza uone kama sio ndugu wa tumbo moja. Na Wakenya kwenye katiba yao ya 2010 ibara ya 19 wameenda mbali zaidi, wameandika wazi kwamba haki hizo ni za kila mtu na hazikutolewa na Serikali. Hiyo sentensi ni Locke kavaa kitenge.

Chakula kimeiva narudi baadae, Kant sijamgusa na chenji ya Mangi ni ya Kant haswa.

Bint Shangani:

Shikamoo Msomi, somo zuri ila hapo kwenye kuanza kuhoji mimi nina neno. Hilo swali la kwamba uzuri na ubaya vinajulikana kwa akili au mpaka amri ishuke, Waislamu walishalipigania huko Basra na Baghdad miaka mia saba na zaidi kabla ya huyo bwana wa kwenye kasha. Muutazila, kundi moja la wanazuoni, walisema akili inajua yenyewe kwamba dhulma ni mbaya na uadilifu ni mzuri, na Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu kwa sababu ni mzuri. Ashaari, kundi lililowapinga, wakasema la, kitu ni kizuri kwa kuwa Mungu kakiamrisha, akili peke yake haifungi wala haifungui. Na sisi wa pwani wengi ni Shafii, tumesomeshwa kwa mwelekeo wa Ashaari, mimi mwenyewe nilikaa mkekani naambiwa haya na babu yangu Allah amrehemu, nikamuuliza babu je Mungu angeamrisha kusema uongo ungekuwa mzuri? Akanitazama wee, akaniambia nenda kachambue mchele.

Na kingine, kuna Ibn Tufayl, mtu wa Andalusia, Hispania ya Waislamu, karne ya 12, kaandika kisa cha mtoto anaitwa Hayy, yuko kisiwani peke yake, kanyonyeshwa na paa, hana mwalimu hana kitabu, na kwa kutazama na kufikiri tu anamfikia Mungu na anajipangia namna ya kuishi bila kudhuru mimea wala wanyama. Hicho kisa kilitafsiriwa kwa Kilatini kikachapwa Oxford 1671, tena 1708 kikatoka Kiingereza moja kwa moja kutoka Kiarabu. Kwa hiyo hao wa Zama za Mwangaza walikuwa wanakisoma. Sisemi wameiba, nasema Alhamisi usisimame ukasema akili iligunduliwa Uholanzi.

mtotowasheria:

Shikamooni wote. Bint Shangani nimecheka hapo kwenye mchele, mwalimu wetu naye angekuwa na mchele angetupa. Kwa hiyo yule jamaa wetu wa "Mungu anaona" ni Ashaari na mimi ni Muutazila bila kujijua?

Bint Shangani:

Ni zaidi ya hapo mwanangu lakini kwa presentesheni ya dakika kumi inatosha.

chumachapua:

Mnaniudhi kidogo kwa hii sherehe yenu ya akili. Ngoja niwe mbaya wa uzi.

Mosi, ndani ya zama hizohizo kulikuwa na mtu anaitwa David Hume, Mskoti, kitabu chake cha 1739 na 1740 kilisema akili ni mtumwa wa hisia na inapaswa kuwa hivyo tu. Akili inakwambia ukifanya A itatokea B, haikwambii uipende B. Akasema tena anasoma vitabu vya maadili, mwandishi anaenda vizuri na "iko hivi, iko hivi", mara ghafla "inapaswa kuwa hivi", karuka mto bila daraja. Kwa hiyo yule wa tatu wa ghetto yenu, wa daftari la Mangi, msimcheke. Ingawa Hume naye asingemkubali kwa asilimia zote, maana alisema tuna huruma ya asili kwa wenzetu, sio faida tu.

Pili ndo inaniuma. Hii "akili ya kila binadamu" ilikuwa ya kila binadamu kweli? Locke wenu wa uhuru alikuwa na hisa kwenye kampuni ya kifalme ya Uingereza iliyokuwa inauza Waafrika. Kant wenu kaandika maneno kuhusu watu weusi ambayo siwezi kuyaweka humu mods watanifungia. Ufaransa ya Voltaire, yule mwandishi wao wa hizo zama, ilikuwa na sheria ya watumwa ya 1685 inayoeleza mtumwa akitoroka akatwe nini. Na wakati huohuo kulikuwa na Mwafrika, Anton Wilhelm Amo, kazaliwa karibu na Axim, Ghana ya leo, kapelekwa Ulaya mdogo kama zawadi kwa mtawala wa Wolfenbüttel huko Ujerumani, akasoma, 1729 akatetea hoja pale Halle kuhusu haki za Waafrika walioko Ulaya, 1734 akatoa tasnifu Wittenberg kuhusu akili na mwili, akafundisha vyuo vya Ujerumani. Mnaona? Mtu mweusi anafundisha falsafa darasani, nje ya darasa watu wanajadili kama mweusi ana akili. Mwishowe akarudi kwao. Yale maandishi yake ya 1729 yamepotea, kitabu cha Grotius kipo kila maktaba.

Na msiseme hiyo ni ya zamani huko kwao. Waingereza walipochukua Tanganyika waliweka kwenye amri ya mwaka 1920 kwamba mahakama zitafuata sheria za wenyeji ilimradi hazipingani na haki na maadili. Sawa, haki na maadili ya nani? Nenda kasome kesi ya Gwao bin Kilimo na Kisunda bin Ifuti, 1938. Gwao alimshinda mtoto wa Kisunda kwenye madai, akataka kulipwa kwa ng'ombe wa Kisunda mwenyewe, yaani baba, kwa sababu mila ya Wanyaturu wa Singida inaruhusu. Jaji akaikataa mila hiyo, akasema waziwazi, hana shaka yoyote kwamba kipimo pekee cha haki na maadili ambacho mahakama ya Kiingereza iliyoko Afrika inaweza kukitumia ni kipimo chake yenyewe cha Kiingereza. Hiyo ndo akili ya ulimwengu mzima ilipofika Singida.

mlamihogo:

🔥 chuma leo hujala?

Msomi wa Kijiweni:

Nimerudi. @chumachapua sikupingi kwenye ukweli hata mmoja, na hiyo kesi nilitaka kuileta mimi umeniwahi. Ila ongeza na upande huu. Silaha waliyoitengeneza ilishikwa na watu ambao hawakukusudiwa. 1772 London, mtumwa James Somerset kafungwa minyororo melini asafirishwe Jamaica akauzwe, Jaji Mansfield akasema utumwa ni kitu cha kuchukiza kiasi kwamba hakuna hoja ya asili inayoweza kuutetea, unahitaji sheria iliyotungwa na watu na Uingereza hakuna, mtu akaachiwa. Hakufuta utumwa kwenye makoloni, usije ukasema hivyo kijana, ila umeona hoja ilivyobebwa. Na Haiti ndo kabisa, tamko la 1789 limesema watu huzaliwa huru na sawa, watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Wafaransa ambalo ndo Haiti ya leo, 1791 wakaamka wakasema sisi nasi ni watu, 1794 Paris ikalazimika kufuta utumwa, 1802 Napoleon akaurudisha, 1804 Haiti ikajitangazia uhuru. Wenye akili kule Paris ilibidi wafundishwe maana ya neno "watu" na watu waliokuwa mashamba ya miwa.

Sasa Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, na chenji. Kwenye kitabu chake cha 1785 kuna mfano wa muuza duka, nakwambia kama alikuwa anamuona Mangi wenu. Anasema kuna muuza duka hampunji mtoto mdogo aliyetumwa, bei yake ni moja kwa wote. Je huyu ni mwadilifu? Kant anasema subiri, huenda anafanya hivyo kwa sababu akipunja habari zitaenea na wateja watahama. Kitendo ni sahihi ila hakina thamani ya kimaadili, ni biashara nzuri tu. Thamani ipo pale unapotenda kwa sababu ni wajibu, hata kama hakuna atakayejua. Kwa hiyo kile kitendo cha rumu meti wako hatuwezi kukipima kwa kumuangalia anavyotembea na ndala kurudi dukani, mpaka ujue kilichomtoa kitandani. Na Kant mwenyewe alikiri kilichomo moyoni mwa mtu hakionekani, hata mwenyewe hajioni vizuri.

mtotowasheria:

Msomi samahani nakukatisha, sasa hiyo ya Kant si ndo mkuki kwa nguruwe mtamu kwa binadamu mchungu? Usimfanyie mwenzio usichopenda kufanyiwa, bibi yangu hajasoma Kant na anaijua.

Msomi wa Kijiweni:

Hapo ndo wengi wanateleza na ukiisema hivyo mbele ya mwalimu atakukamata. Kant aliijua hiyo kanuni na akaikataa, kaiweka kwenye tanbihi chini ya ukurasa. Sababu yake, mwizi mbele ya hakimu angeweza kusema mheshimiwa, wewe ungependa kufungwa? Basi usinifunge. Kanuni ya mkuki inategemea unachopenda wewe. Ya Kant inauliza kitu kingine, je sheria unayoitendea kazi inaweza kuwa ya kila mtu bila kujimeza yenyewe? Mfano wake ni mkopo. Unamwambia mtu nikopeshe nitakurudishia Ijumaa na moyoni unajua hutarudisha. Haya wote tufanye hivyo. Nini kitatokea? Nenda dukani kasome kile kibao, LEO PESA KESHO MKOPO. Hicho kibao ndo Kant. Watu walishaahidi uongo mpaka neno "nitalipa" likafa, na likifa hata wewe muongo huwezi tena kulitumia. Wazee wanasema kukopa harusi kulipa matanga, ila Kant hajali matanga, yeye anasema hiyo ahadi ilikuwa imeoza tangu siku ya harusi.

Na upande wa pili wa kanuni hiyohiyo, usimtumie binadamu kama chombo tu. Neno letu la utu linabeba karibu mzigo wote huo. Ibara ya 12 tena, kifungu kidogo cha pili, kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake.

Usisahau adhabu, ni sehemu ambayo akili ilifanya kazi ya kushikika. Toulouse 1762, mfanyabiashara Mprotestanti Jean Calas alihukumiwa kwamba kamuua mwanae asigeuke Mkatoliki, wakamvunja viungo kwenye gurudumu hadharani na yeye mpaka mwisho anakana. Voltaire akaishupalia miaka mitatu, 1765 jina la marehemu likasafishwa. Katikati ya hapo, 1764, kijana wa Milano wa miaka 26, Beccaria, akaandika kakitabu kadogo akiuliza swali la kitoto kabisa, kumtesa mtu ili aseme ukweli kunapima ukweli au kunapima misuli? Asiye na hatia ambaye ni dhaifu atakiri, mwenye hatia ambaye ni gangwe ataachiwa. Akahoji pia hukumu ya kifo. Mwaka 1786 Toscana, huko Italia, ikafuta vyote viwili, mateso na kifo. Na hapa kwetu Jaji Mwalusanya 1994 Dodoma alisema kunyonga ni ukatili na kunadhalilisha na ni kinyume cha Katiba, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni ukatili ila ikasema Katiba yenyewe imeacha nafasi. Tupo hapohapo mpaka leo.

chumachapua:

Hiyo ya Beccaria nakubali. Kant bado nina kesi nae, mtu aliyesema hata muuaji akikuuliza rafiki yako kajificha wapi usidanganye. 1797 kaandika hivyo. Akili gani hiyo.

Bint Shangani:

Hahaha hiyo hata babu asingekubali, angemwambia muuaji nae akachambue mchele.

Mnyaturu Halisi:

Nimepita nikaona Singida nikasimama. Hiyo kesi ya ng'ombe naomba niseme kitu. Mnaisema kama mila ilikuwa inamuonea baba. Kwetu alivyonisimulia babu, kijana kabla hajatengewa zizi lake hana ng'ombe, ng'ombe wote wako kwa baba, mahari yake ataipata wapi? Kwa baba. Akidhulumu mtu, atalipa na nini? Ukisema alipe mwenyewe umemwambia aliyedhulumiwa asilipwe. Na mzee akijua atalipa yeye anamkanya kijana mapema. Hiyo sio akili? Imefikiriwa na watu waliokaa chini wakafikiri, hawakuandika tu.

Msomi wa Kijiweni:

Ni akili kabisa. Jaji naye alikuwa na yake, kwamba asiyetenda kosa asilipe, na hiyo nayo ni kanuni nzito, Beccaria angempigia makofi. Mimi ningekuwa mwalimu wa huyu kijana ningetaka nione hizo akili mbili zimewekwa meza moja, na kila moja itoe sababu zake.

mtotowasheria:

Basi naanza na zizi la Singida, Grotius atakuja katikati na kasha lake. Mnyaturu Halisi nikufuate PM unisimulie zaidi alivyosema babu, ila kabla ya hapo nauliza tu, kwenye ile kesi Gwao alilipwa mwishowe?

chumachapua:

Kwa ng'ombe wa mzee? Hapana. Walibaki zizini kwa Kisunda.